Maneno Kumi na Moja ya Karatasi ya Magadi

Jumatano, 3 Machi 1915

Mwalimu wangu wa shule ya Tanga alitufundisha kuandika mstari mmoja kila siku ili mkono usilale. Miaka imepita na mkono wangu umelala fofofo, kwa hiyo naanza upya leo, siku ya kwanza ya masika. Mimi ni Jamaldini, karani wa ghala la chakula la jeshi la Wadachi chini ya Olmotonyi, kwenye miteremko ya mlima Meru. Nina mke, Siwema, na binti wa miaka minne, Tunu. Nina kalamu mbili na mwavuli uliotoboka.

Leo Bwana Ghala, Mdachi anayetusimamia, alituita makarani wote wawili, mimi na Athumani, akatuuliza nani anajua Kiingereza. Yapo masanduku yaliyotekwa kwa Waingereza huko mpakani na hakuna wa kuyasoma. Athumani alitazama chini. Mimi niliinua mkono. Kweli nilikaa Mombasa miaka mitatu nikipanga mizigo dukani kwa Mwingereza, nikajua maneno ya masanduku: juu, chini, kioo, usilowanishe. Hicho ndicho Kiingereza changu chote. Lakini mkono ulishainuka, na kuushusha mbele ya watu ni kazi.


Ijumaa, 5 Machi

Masanduku ishirini na mawili. Nimesoma tisa bila taabu: chai, sukari, sabuni. Yaliyobaki yameloa na maandishi yamefutika. Bwana amenipa kitabu cha maneno ya Kiingereza na Kiswahili kisicho na jalada, akasema nijitegemee.


Jumanne, 9 Machi

Nimepata namna ya kufanya kazi hii, na lazima niieleze maana najivunia. Kitabu kimepangwa kwa herufi ya kwanza ya neno. Lakini mvua haina adabu, hula herufi ya kwanza kama inavyokula ya mwisho. Sanduku likisema U-G-A tu, huwezi kufungua mahali pamoja ukapata. Inabidi uanze A mpaka Z, ukurasa kwa ukurasa, kijiti kikipita chini ya kila neno, na kila neno lenye U-G-A zikifuatana unaliandika pembeni. Kisha unatikisa sanduku, unanusa, unachagua. Lile la U-G-A nilipata maneno manne. Nilinusa, nikachagua sukari. Likafunguliwa, ni sukari. Bwana Ghala akanipiga begani.


Jumatano, 10 Machi

Mvua. Masanduku manne.


Jumanne, 16 Machi

Tunu ana homa siku ya tatu, hataki uji. Siwema alikuwa amekaa naye mlangoni alipopita Lerionka, Mwarusha anayeleta maziwa ya wakubwa hapa ghalani. Alimtazama mtoto, akamimina kibuyu kidogo bila kuuliza, akaenda zake. Tunu akanywa. Siwema anasema kesho atamshukuru vizuri. Mimi nilisema mtu wa bara hapewi shukrani nyingi, ataomba kitu.


Alhamisi, 18 Machi

Lerionka ameleta tena. Hajaomba kitu.


Jumatatu, 22 Machi

Wapagazi wamepungua, na amri imekuja kila ghala litoe watu. Bwana Ghala alisimama mlangoni akasema karani mmoja anatosha, yule asiye na Kiingereza ataandamana na mizigo ya kwenda mpakani. Athumani ana kifua kibovu, kila mtu anajua. Alinikabidhi funguo zake akaniambia, "Umefanya vizuri kuinua mkono, ndugu yangu." Hakusema kwa kijembe. Ningependa angesema kwa kijembe.


Jumanne, 23 Machi

Mvua kutwa.


Jumanne, 30 Machi

Nimepewa kiti. Si kigoda, kiti chenye mgongo. Bwana Ghala alipotembelewa na wageni wake alinionyesha kwa kidole: huyu ndiye karani wangu wa Kiingereza, mpe herufi tatu atakupa neno zima. Wageni wakanijaribu. Nikawapa. Mmoja alicheka akanipa sigara. Tunu amepona, anakimbia matopeni, na Lerionka bado analeta kibuyu kidogo. Siku hizi husimama tukaongea. Kiswahili chake kina mawe ndani lakini kinafika. Ameniambia ana ng'ombe kumi na mmoja, mke mmoja, Namnyaki, na deni moja tu duniani, kwa wenzake wa rika, waliotahiriwa naye. Nilimuuliza deni gani. Alicheka, akasema hilo haliishi.


Alhamisi, 8 Aprili

Leo lazima niandike yote, nikiacha moja hata hili daftari litakuwa mwongo.

Askari wa lango humpekua kila aingiaye. Asubuhi walimpekua Lerionka, wakakuta ndani ya mkoba wake wa ngozi ugoro umefungwa kwenye kipande cha karatasi chenye chapa ya Kiingereza. Karatasi ilikuwa imeliwa. Kabla ya ugoro ilifunga magadi, na magadi yakishika unyevu hula wino kama mchwa. Bwana Ghala aliitandaza mezani pangu. Kilichosomeka ni hiki: neno zima la Kiingereza lenye maana ya maji, tarakimu 20, herufi A-M-P ambazo mbele na nyuma yake pameliwa, na herufi A-R-M hivyo hivyo. Akasema, "Nataka maneno kabla ya saa sita."

Nilianza A. Kijiti kikapita. Kwa A-M-P nilipata maneno sita: camp, yaani kambi, damp, unyevu, example, mfano, lamp, taa, stamp, stempu, swamp, kinamasi. Kwa A-R-M nilipata matano: arm, mkono, army, jeshi, farm, shamba, harm, madhara, warm, vuguvugu. Jumla kumi na moja. Niliyaandika safi kwenye karatasi, kila moja na maana yake.

Saa tano Bwana alirudi akasimama nyuma ya kiti changu. Aliniuliza nimepata. Nikasema nimepata, ila ni mengi. Uso wake ukabadilika. Akasema Waarusha wengi wanavuka kwenda na kurudi mpakani, wakubwa wanataka jibu na si orodha, na kama karani wa Kiingereza hawezi kumpa jibu, basi mizigo ya Jumatatu bado ina upungufu wa mtu mmoja.

Nilikunja orodha nikaikalia. Nikasema, "Kambi, Bwana. Na jeshi. Na maji. Na ishirini."

Hakuhitaji zaidi. Kambi ya askari iko hapa juu kwenye chemchemi. Mtu anawaambia Waingereza kambi ya jeshi inachota maji wapi. Aliandika mwenyewe, akanipa mkono kwa furaha. Mimi nilikuwa bado nimeikalia orodha, na haikuwa na neno moja la uongo ndani yake. Uongo ulikuwa wangu.


Ijumaa, 9 Aprili

Wamemhoji Lerionka mbele yangu. Wanataka kujua nani alimpa karatasi. Alisema ni karatasi ya magadi, alipewa pamoja na magadi. Na nani? Akanyamaza. Viboko kumi. Akanyamaza. Viboko kumi na tano vingine. Bwana Ghala aliniuliza mimi, kama mtu ajuaye watu weusi, kunyamaza huku maana yake nini. Nikasema asiye na hatia husema. Nilisema hivyo kwa sababu nilihitaji awe na hatia.

Amefungwa mnyororo kwenye chumba cha ngozi. Taarifa imeandikwa kwenda Moshi, Kapteni aje kutoa hukumu. Ya mpelelezi inajulikana, ni kamba.


Jumapili, 11 Aprili

Mvua kubwa. Aliyepeleka taarifa amerudi nusu njia. Mito ya njia ya Moshi haipitiki.


Alhamisi, 15 Aprili

Athumani amerudi kwa machela. Miguu yake imeoza kwa funza na maji, kifua kinapiga kelele hata akiwa amelala. Nilimpelekea chai. Alitaka kujua ghala linaendeleaje. Nilimwambia linaendelea. Nilitoka nikiihofia mizigo zaidi ya nilivyoihofia kabla ya kumwona.

Taarifa imevuka mto leo, ikivutwa kwa kamba.


Jumatatu, 19 Aprili

Nimerudi nyumbani nikakuta kibuyu kidogo mlangoni. Nilidhani nimeota. Siwema akasema ni Namnyaki, mke wa Lerionka, ndiye anayeleta maziwa sasa tangu mumewe afungwe, ya wakubwa na ya Tunu. Siwema alimwambia asijisumbue. Namnyaki akajibu kwamba mumewe alimwagiza akiwa ndani ya mnyororo: mtoto wa karani asikose.

Nilimwambia Siwema sina njaa. Ilikuwa kweli.


Jumanne, 20 Aprili

Mvua. Mito haipitiki. Hakuna jibu kutoka Moshi. Alhamdulillahi.


Alhamisi, 22 Aprili

Mvua. Haipitiki.


Jumamosi, 24 Aprili

Mvua. Kila mtu analalamika mahindi yanaoza. Mimi peke yangu naamka nikitega sikio, nikisikia inapiga bati la ghala nashukuru. Leo ni siku moja zaidi ya Lerionka. Nimejifanya rafiki wa mvua, kana kwamba kazi ya kumwokoa ni yake, si yangu.

Nimekwenda dirishani pa chumba cha ngozi. Alinisalimia kwanza. Akauliza habari za Tunu. Nikasema mzima. Nikamuuliza kwa nini hamtaji aliyempa magadi, mambo yaishe. Alinitazama kama mtu anayeangalia mtoto aliyeuliza jambo la watu wazima, akasema, "Karani, wewe huna rika?"


Jumatatu, 26 Aprili

Nilimuuliza Namnyaki alipoleta maziwa. Aliyempa magadi ni Sumari, mwenzake wa rika. Walikaa chini ya kisu kimoja asubuhi moja. Mtu wa rika lako humtaji mbele ya mwenye fimbo, hata kama jambo lenyewe ni chumvi ya mchicha, maana leo ni chumvi na kesho ni roho yake. Kila Mwarusha anajua. Alishangaa kwamba mimi sijui, mimi ninayejua kusoma.

Kwa hiyo ule ukimya niliouita hatia ulikuwa uaminifu tu. Ningeweza kuuliza mtoto yeyote wa hapa siku ile ile. Sikuuliza, maana kwetu tumezoea kudhani watu wa bara hawana kitu cha kuulizwa.

Sumari yuko mpakani, yanakookotwa magadi. Hajui lolote.


Jumamosi, 1 Mei

Siwema alikwenda sokoni mjini, akarudi na maharage na magadi ya kuyapikia. Aliyaweka mezani yakiwa yamefungwa. Mimi nilikuwa navua viatu. Nikaona chapa.

Ni karatasi ile ile. Namaanisha ndugu yake, imechapwa pamoja nayo, nzima, kavu, magadi hayajaila bado. Juu ina picha ya taa ya kandili. Chini yake maneno ya Kiingereza, na mengi nayajua, ni maneno ya dukani Mombasa. Yanasema utoe kioo cha taa, ukioshe kwa maji ya vuguvugu, ungoje dakika 20 kabla ya kuwasha. Taa. Vuguvugu. Yote mawili yalikuwa kwenye orodha yangu. Niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikayakalia.

Nilimuuliza Siwema kanunua kwa nani. Kwa mama mmoja wa Kiarusha, alisema, na wanawake wote wa magadi wanafungia karatasi hizo, watu wa mpakani wameokota boksi zima kwenye duka lililokimbiwa. Akauliza, "Hiyo taa ina nini?"

Nikasema haina kitu. Nikamwaga magadi kwenye kikombe, nikaikunja karatasi nikaitia kifukoni mwa kanzu.

Nitaipeleka Jumatatu. Kesho ni Jumapili, Bwana Ghala hapendi kusumbuliwa.


Jumatatu, 3 Mei

Bwana Ghala alikuwa na hasira ya masanduku yaliyovunda. Si siku nzuri. Mvua.


Jumanne, 4 Mei

Nilifika mpaka mlangoni kwake. Akaniuliza nataka nini. Nikasema wino.


Jumatano, 5 Mei

Mvua. Mito haipitiki. Nina wino wa kutosha.


Alhamisi, 6 Mei

Namnyaki alikuja leo bila kibuyu. Alikuja ghalani, mezani pangu, mbele ya askari, mkononi ameshika majani mabichi aliyoyang'oa na mizizi yake. Askari mmoja wa Kinyamwezi akacheka akauliza kama amemletea karani malisho. Siku hizi najua zaidi kidogo. Wao wakishika majani hivyo wanaomba amani, na mtu aliyenyooshewa majani hawezi kuendelea na ubaya wake, hata awe katikati ya vita.

Alisema, "Baba Tunu, wewe ndiye unayesoma. Nakuomba uisome tena ile karatasi. Pengine siku ile macho yalichoka."

Hakuwa ananishitaki. Alikuwa ananitafutia mlango wa kutokea, na alikuwa amenifungulia wazi kabisa: macho yalichoka. Ningesema ndiyo, dada yangu, yalichoka, ngoja. Karatasi ilikuwa kifuani pangu, na nilipovuta pumzi ilipiga kelele kidogo.

Nikamwambia nitaangalia. Alinikabidhi yale majani akaondoka. Sikujua niyaweke wapi. Niliyaweka juu ya kitabu cha maneno, baadaye askari akaja akayafagia.


Ijumaa, 7 Mei

Sikwenda kusali. Nilisema nina homa. Siwema alinishika paji la uso akasema halina moto.

Jioni alikaa karibu yangu akichambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Baba Tunu, mimi sisomi, lakini nimekuona unavyoisoma ile taa. Unaisoma kila siku."

Nikamweleza. Yote, tangu mkono nilioinua. Nilitaka anikemee, nipate la kujibu. Nilikuwa nimeshaandaa: nikipelekwa kwenye mizigo nitakufa kama Athumani anavyokufa, wewe na Tunu mtakula nini. Hakukemea. Aliuliza tu hayo maziwa tuliyokunywa tangu siku ile tumekunywa kama nani.


Jumapili, 9 Mei

Mvua imepungua. Leo Meru imeonekana nzima, mara ya kwanza kwa wiki saba. Watu walitoka nje kuitazama na kufurahi. Mimi niliingia ndani.


Jumatatu, 10 Mei

Jua.


Jumanne, 11 Mei

Jua. Tarishi amefika. Kapteni yuko njiani kwa nyumbu, hukumu Alhamisi. Bwana Ghala amenyoa ndevu.

Mficha uchi hazai, wanasema. Kesho nitaipeleka kabla Kapteni hajafika, tuyamalize chini kwa chini mimi na Bwana Ghala.


Jumatano, 12 Mei

Niliipeleka. Naapa niliipeleka. Bwana Ghala aliitandaza, akaitazama ile picha ya taa muda mrefu. Anajua Kiingereza kidogo kuliko mimi, lakini picha haihitaji karani. Masikio yakamwiva. Halafu aliikunja kwa mikunjo ile ile akanirudishia. Akasema hii ni karatasi nyingine. Akasema taarifa imetiwa sahihi yake, na kesho kazi yangu ni moja tu, nikiulizwa nisome nilichosoma mwezi wa nne. Akanipa sigara.

Nilitoka, na lazima niandike nilichohisi, maana ni kibaya kuliko vyote: nilihisi nimetimiza wajibu. Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani nikiwa mwepesi. Niliposhika komeo la mlango ndipo uzito uliporudi.


Alhamisi, 13 Mei

Meza iliwekwa uwanjani mbele ya ghala. Kapteni ni mtu mfupi mwenye kikohozi. Bwana Ghala kulia kwake, mimi nimesimama kushoto na karatasi iliyoliwa juu ya kibao. Watu walikuwa wengi, Waarusha wameshuka kutoka Olmotonyi, wazee kwa wanawake. Lerionka aliletwa. Amekonda, na anatembea akiuepusha mgongo na shati.

Kabla Kapteni hajasema kitu, pakatokea msukosuko nyuma. Mtu alikuwa anapenya. Alikuwa ametapakaa tope mpaka mapajani na miguu inavuja damu. Habari zilimfikia juzi kwenye magadi, akatembea siku mbili, na mto wa mwisho ulimchukua akashika mti. Askari wakamzuia kwa bunduki. Akaongea juu ya bunduki, kwa Kiswahili kibovu alichokuwa amekikariri njiani, ilionekana, maana alikisema chote kwa pumzi moja.

"Mimi Sumari. Karatasi yangu. Magadi yangu. Huyu mwachie, mimi funga."

Lerionka alifumba macho. Siku thelathini na nne amekaa na jina lile chini ya ulimi, na mwenyewe kaja kulitoa mbele ya kila mtu.

Naandika ukweli. Jambo la kwanza lililonipata moyoni lilikuwa nafuu. Nilidhani wamepata mtu wao, Lerionka ataachiwa, na huyu Sumari simjui, sijanywa maziwa yake. Hivyo ndivyo nilivyo. Sikuwa nimejua mpaka leo asubuhi.

Lakini Kapteni alikohoa, akasema vizuri, basi walikuwa wawili. Kamba mbili. Kisha akageuka kwangu. Akasema kwa utaratibu karatasi isomwe kwa sauti, watuhumiwa wasikie, na maana yake isemwe kwa Kiswahili.

Nikainua kibao. A-M-P. Nilitakiwa kusema kambi. Neno dogo, nimeshalisema mara moja na halikuuma. Niliinua macho nikamwona Lerionka ananitazama, ametulia, kama mtu anayemsubiri jirani amalize kusema. Nadhani alikuwa bado anaamini kwamba kwenye karatasi kulikuwa na kitu, na mimi masikini nilikuwa nimekisoma tu.

Mdomo ukafunguka, ukatoka kitu kingine. Nikasema, "Bwana Kapteni, sijui Kiingereza."

Bwana Ghala alisimama. Niliendelea upesi kabla sijapoa. Nilisema herufi hizi zimo katika maneno kumi na moja na mimi nilichagua mawili ya kunyonga mtu. Nikaitoa ile nzima kifukoni nikaiweka mezani, nikamwonyesha taa, nikamwonyesha vuguvugu, nikamwonyesha mahali ambapo A-M-P ya ile inakaa juu ya A-M-P ya hii. Kapteni anajua Kiingereza. Aliisoma yote, akaisoma tena, na mara ya pili alitabasamu kidogo, jambo ambalo sitamsamehe, ingawa mimi si mtu wa kumsamehe mtu.

Kisha akauliza, "Hii umekuwa nayo tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu jana. Bwana Ghala alikuwa ananiomba kwa macho niseme tangu jana, au hata leo asubuhi. Nikasema, "Siku kumi na mbili."

Kapteni akaandika. Mkalimani wa wazee akaigeuza kwa lugha yao, siku kumi na mbili, na nikaisikia ikienda kutoka kinywa hadi kinywa mpaka nyuma waliposimama wanawake. Namnyaki alikuwa kule. Sikutazama. Lerionka hakuhitaji mkalimani. Alihesabu kwa vidole vya mikono iliyofungwa, taratibu, mara ya kwanza vikaisha, akarudia viwili. Nadhani alikuwa anaitafuta ile siku mkewe aliponiletea majani.

Wakafunguliwa, bila pole wala maji ya kunawa. Magadi yaliyobaki nyumbani kwa Sumari yamechukuliwa na jeshi. Bwana Ghala ameitwa ndani, sijui walisemezana nini. Mimi nimepata viboko ishirini na tano, na Jumatatu naandamana na mizigo.

Walipokuwa wananilaza nilifikiri viboko vitanisaidia. Havikusaidia, vilikuwa vinauma tu.


Jumamosi, 15 Mei

Naandika nimelala kifudifudi, mkono unakaa vibaya. Athumani alifariki jana alasiri. Siwema alikwenda kumfuta machozi mjane wake, akarudi. Hanisemi. Ananipaka mafuta mgongoni kila baada ya sala, na mikono yake si mizito. Nikiondoka, yeye na Tunu watakaa kwa watu wa kwao, mjini. Amenifungia nguo za safari.


Jumapili, 16 Mei

Asubuhi wapagazi tulikusanywa uwanjani tupimiwe mizigo. Wangu ni unga. Tulikaa mstari mmoja kando ya njia, kila mmoja na kamba yake shingoni mpaka majina yasomwe.

Lerionka na Sumari walipita wakitoka kuwaona wazee, wameshikana mikono kama wanavyoshikana watu wa rika. Lerionka bado anachechemea. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Alhamisi, nimeyachagua moja moja, na wala si mengi. Walipofika mbele yangu, Sumari akapunguza mwendo. Hakuniona vizuri siku ile, macho yake yalikuwa kwa mwenzake. Alimwuliza kwa lugha yao, na nimeshajifunza kiasi cha kuelewa, kwamba mtu huyu aliyesimama ni nani.

Lerionka alinitazama usoni kwa muda. Hakuwa na hasira. Kisha akajibu kwa Kiswahili, polepole, nisije nikakosa hata neno moja.

"Simjui."

Wakapanda njia ya Olmotonyi. Msimamizi akaanza kusoma majina.